Kitalu cha Njaa

Mizani ilikuwa imefungwa kwenye tawi la mgrevilea, na Eliud, bwana shamba wa kata, aliisoma mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Mahindi ya kitalu cha mbolea: kilo mia moja thelathini na nane. Mahindi ya kitalu kitupu, kile ambacho msimu mzima hakikutakiwa kupewa hata kijiko cha kitu chochote: mia moja thelathini na sita.

"Aisee Kornelio," alisema Eliud, "udongo wako huu una nini?"

Kornelio alisimama mikono ikiwa ndani ya koti kuukuu, maana ilikuwa Julai na ukungu wa msitu wa Ngorongoro ulikuwa haujaondoka ingawa saa nne ilishapita. Mkewe Petronila alishika mdomo wa gunia lisimwagike. Mama yake mzazi, Brigita, alikaa juu ya debe lililopinduliwa, anapukuchua magunzi ambayo hayakuwa na punje hata moja.

Mtu mwingine angefurahi, mahindi ni mahindi. Ila kama hujawahi kuingizwa kwenye utafiti, ngoja nikueleze, maana sisi watu wa Daa tumeingizwa tukaujua. Walikuja watu wa utafiti kutoka Arusha wakachagua nyumba kumi na mbili, nane za huku chini na nne za kule juu karibu na msitu. Kila nyumba ikatoa vitalu viwili, hatua ishirini kwa ishirini. Kimoja kinapewa mbolea mpya ya kupandia. Kingine kinaachwa hivihivi, si mbolea, si samadi, si majivu ya jikoni, ili mwisho wa msimu waone tofauti. Mavuno yote ya vitalu yanachukuliwa, yanakwenda Arusha, na baadaye mwenye shamba analipwa fidia ya magunia sita ya mahindi makavu. Karatasi ya makubaliano ilikuwa na sentensi moja zaidi pale chini: jaribio likivurugwa, fidia hakuna.

Magunia sita. Kwa Kornelio hiyo haikuwa nyongeza, ndiyo ilikuwa chakula. Mwezi wa tano tembo walishuka kutoka msituni wakala shamba lake lote lililobaki, ekari moja na robo, katika siku mbili. Siku hizo mbili yeye alikuwa analinda nini? Vitalu vya utafiti! Aliweka sahihi kwamba atavilinda, akavilinda, akagonga madebe na kupiga kelele upande ule, na huku nyuma tembo wakamalizia mahindi ya watoto wake. Huyo ndiye Kornelio. Akishaandika jina lake mahali, basi.

"Dokta wa utafiti anakuja Alhamisi kuhakiki," alisema Eliud huku akifunga daftari. "Akishaweka saini yake, mwezi ujao mnakula fidia. Mama Brigita, hongera, mtashiba!"

Brigita aliendelea na gunzi lake.

* * *

Eliud alipoondoka na magunia kwenye pikapu, Kornelio alikwenda kusimama kati ya vitalu. Mabua yalikuwa bado wima. Aliyashika ya upande huu, akayashika ya upande ule. Unene uleule. Alikuwa na daftari lake ambalo kila Jumamosi aliandika urefu wa mahindi kwa rula ya Aneth, binti yake wa kidato cha pili, na humo ndani mwezi wa tatu kitalu kitupu kilikuwa kimedumaa, cha njano, mahindi yake yakimfika magotini. Kisha mwezi wa nne kikanyanyuka chenyewe. Wakati ule alidhani ni mvua.

Alirudi jikoni. Petronila alikuwa anakoroga uji, uji wenyewe mwepesi, wa kuhesabu punje.

"Haiwezekani," alisema Kornelio.

"Nini haiwezekani?"

"Mimea haifufuki tu. Iwe imekosa chakula miezi mitatu, halafu ghafla inakuwa sawa na iliyolishwa? Kuna kitu."

"Mungu amekupa mahindi unauliza kuna nini," alisema Petronila. "Kaa unywe uji."

Brigita alikuwa amekaa pembeni ya jiko, shuka limemfunika mpaka kidevuni. Alikohoa. "Mimi nilikilisha," alisema.

Petronila aliacha kukoroga.

"Ulikilisha na nini, aayo?" aliuliza Kornelio. Akishtuka huyu mtu humwita mama yake kwa Kiiraqw, kama alipokuwa mdogo.

"Na samadi. Ya ng'ombe zetu wawili. Wewe ukienda kibarua kwenye kahawa, mama Aneth akienda kisimani, mimi nabeba kikapu. Nikaweka kwenye kila shina, nikafukia na mguu."

"Lini?"

"Baada ya Pasaka. Unataka nifanyeje, Kornelio? Shamba liko njiani. Jumapili kigango kizima kinapita pale kwenda misa na kurudi. Mke wa katekista akasimama na wenzake akaniuliza, 'Mama Brigita, mahindi yenu yameugua kwashakoo?' Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baba yako alilima pale miaka arobaini hakuna aliyewahi kucheka. Mwingine akasema labda mkwe wangu ni mvivu."

"Akasema mimi?" Petronila aliuliza.

"Wewe. Nikasema hapana, hawezi kutukanwa mtoto wa watu kwa sababu ya karatasi za Arusha. Na kile kitalu kilikuwa kinatia huruma, jamani. Upande huu wanakula, upande huu wanatazama wenzao wanakula. Nani anafanya hivyo kwa kitu kilicho hai?"

"Aayo, ile ndiyo kazi yake! Kukaa na njaa ndiyo kazi yake!"

"Basi ni kazi mbaya," alisema Brigita.

Kornelio alikaa chini ghafla, nusura akalie kuku. Petronila alimtazama usoni akaelewa mara moja anachofikiria. Miaka kumi na saba ya ndoa, huyo mtu hana uso wa kuficha kitu.

"Baba Aneth," alisema polepole, "usije ukathubutu."

"Sijasema kitu."

"Nimekuona. Sikiliza. Dokta ana mashamba kumi na mawili. Moja likikosea litamezwa na kumi na moja. Hakuna atakayeumia. Ila ukifungua mdomo, sisi tunakula nini mpaka Julai nyingine? Niambie. Kibarua chako wiki hii kipo, wiki ijayo wanasema kahawa imeisha. Nitawapikia watu hawa karatasi?"

"Watu watapanda kwa kufuata hayo, mama Aneth. Watasoma kwamba mbolea haisaidii kitu huku juu. Mtu atapanda bila kitu, atakosa, na aliyemkosesha ni mimi."

"Mtu gani? Mtaje jina! Hao waliokuwa wanatucheka?"

Kornelio aliunywa uji wake wote ukiwa wa moto, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, na hakuna aliyezungumza naye mpaka giza.

* * *

Alhamisi Dokta Flaviana alifika saa tano. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Kilimanjaro, mwenye miwani iliyounganishwa kwa gundi pembeni, na alishuka kwenye gari akijishika kiuno. Tangu Jumatatu alikuwa kwenye barabara za vumbi za Karatu. Aliwasalimu wote, akampa Brigita shikamoo, akaulizia mafua ya Aneth aliyoyasikia mara ya mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi angekuwa mtu mbaya.

"Mzee Kornelio, umenifurahisha," alisema akifungua faili juu ya boneti. "Mashamba nane ya chini, kitalu kitupu kimetoa nusu ya kile cha mbolea. Manne ya juu, yote, kitupu na cha mbolea ni sawasawa. Nilikuwa siku mbili sielewi. Lakini yakiwa manne si bahati mbaya tena, ni udongo. Ni huu udongo wa msituni. Tayari una akiba yake, hauhitaji mbolea. Unaona? Wewe, Qamara na wale wawili wa kule korongoni, mmenipa jibu."

Qamara alikuwa jirani wa Kornelio, mashamba yao yanapakana kwa mstari wa minyaa.

Petronila alikuwa ameshika sinia la viazi vitamu vya kumkaribisha mgeni. Alimkazia mumewe macho. Usiseme. Yale macho yalipiga kelele kuliko mdomo wowote.

"Dokta," alisema Kornelio, "kabla hujaweka saini. Kile kitalu kitupu hakikuwa kitupu."

Eliud, aliyekuwa anakula kiazi, alikitoa mdomoni. "Kornelio, hebu tusiletane mambo hapa."

"Kiliwekewa samadi. Baada ya Pasaka. Mimi sikujua, nimejua juzi. Lakini ni shamba langu, kwa hiyo ni mimi."

"Si yeye, ni mimi," alisema Brigita.

Dokta Flaviana alivua miwani. "Vikapu vingapi, mama?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa nikiona shina limeshiba naacha."

"Yesu wangu," alisema Dokta, kwa sauti ndogo.

Eliud ndiye aliyewaka. Namwelewa, ripoti ilikuwa na jina lake pia, na alikwisha wasimulia wakubwa zake wa wilaya kuhusu udongo wa ajabu. Lakini maneno aliyoyatoa hayakustahili kutolewa mbele ya mwanamke wa miaka sabini na mbili. "Huyu bibi anajua amefanya nini? Msimu mzima! Watu wamesoma mpaka wameota mvi, anakuja mtu na kikapu cha mavi anavuruga! Ndiyo maana nasema kila siku, utafiti na watu wasiosoma haviendi." Akachomoa fomu kwenye begi, fomu ya kujitoa kwenye jaribio, yenye mstari wa aliyelivuruga, akaijaza harakaharaka, akafungua kidau cha wino wa zambarau akamsogezea Brigita. "Bonyeza kidole hapo."

"Naomba kalamu," alisema Brigita.

"Bonyeza tu, mama, tuna safari."

"Naomba kalamu."

Dokta akampa ya kwake. Brigita alijifunza kuandika ukubwani, madarasa ya jioni ya watu wazima, miaka ile kila kijiji kilipokuwa na darasa. Aliandika jina lake herufi moja baada ya nyingine juu ya boneti ya gari, na wote wakasubiri, na ilichukua muda. Petronila aliinamisha kichwa. Alikuwa na hasira na kila mtu pale, ila wakati ule hasira kubwa ilikuwa kwa yule bwana shamba na wino wake.

* * *

Eliud akaenda kuongea na simu kwenye mwinuko, mahali mtandao unaposhika. Dokta Flaviana alikaa kwenye ukingo wa mlango wa gari, miguu nje. Alikubali kiazi kimoja, akala kwa kuwa alikuwa na njaa, bila kujifanya.

"Sasa wale watatu wenzangu wa huku juu," alisema Kornelio. "Utafanyaje?"

"Nitawauliza."

"Wakisema hawajaweka kitu?"

"Nitaandika hawajaweka kitu."

"Utajuaje?"

"Sitajua, mzee Kornelio." Alifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga juu ya suruali. "Niwaapishe? Nilale kwenye mashamba yao?"

"Si mna mashine? Pima udongo."

"Bajeti ya kupima udongo ilikuwa ya mara moja, na tulishapima kabla ya kupanda. Lakini tuseme ningepata. Ile mashine ya Arusha kila asubuhi inasahihishwa kwa kijiudongo kilichoagizwa nje, kimeandikwa kwenye pakiti kina kiasi fulani. Nani alipima hicho? Mashine nyingine. Na hiyo nyingine? Ukinifuata nyuma hivyohivyo tutafika mahali nitakwambia, hapa mzee naamini tu. Wewe ulifikiri sisi tunaanzia wapi?"

"Nilifikiri mnaanzia kwenye ukweli uliothibitishwa. Binti yangu ndivyo wanavyomfundisha. Sayansi ni kilichothibitishwa."

Dokta alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Na mimi nilifundishwa hivyo, nikafundisha wengine hivyo. Tunaanzia kwenye kuchukulia. Nachukulia udongo wa mwaka kesho hautabadili tabia. Nachukulia kilichotokea kwenye hatua zako ishirini kitatokea kwa mtu ambaye sijawahi kufika kwake. Nachukulia mtu akiniambia hajaweka, hajaweka. Ukiniambia nithibitishe hayo, nitathibitisha kwa kitu gani? Itabidi nifanye jaribio, na jaribio nalo limesimama juu ya hayohayo."

"Lakini inafanya kazi. Chanjo ya ng'ombe inafanya kazi, tumeona."

"Inafanya kazi. Mpaka leo inafanya kazi. Na mimi nachukulia kwa kuwa imefanya mpaka leo, kesho itafanya. Unaona ninavyozunguka? Nimeamka na hilo swali miaka mingi, nimeliacha. Kuna wanafunzi, kuna ripoti, kuna magari ya kutengeneza."

Kornelio aliparua udongo kwa ncha ya kiatu. Kisha alisema jambo ambalo hata yeye mwenyewe lilimtia aibu wakati linatoka.

"Basi kama yote ni kuchukulia, Dokta, nichukulie na mimi. Andika kama ilivyokuwa kabla sijasema. Nina watu wanne humu ndani."

Petronila alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

Dokta alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni vumbi. "Ungenyamaza ningekuchukulia," alisema. "Kwa moyo mweupe kabisa. Ninachoruhusiwa kuchukulia ni kile nisichokijua. Chako sasa nakijua."

"Kwa hiyo nimeadhibiwa kwa kusema."

"Ndiyo," alisema Dokta. "Sina namna ya kukwambia vinginevyo. Ndiyo."

Petronila alicheka. Alicheka kwa nguvu, peke yake, akaingia ndani na sinia, na huko ndani sinia likasikika likianguka.

Kabla ya kuondoka Dokta alisema atauliza Arusha kama mahindi yao ya vitalu yanaweza kurudishwa, angalau yale yale waliyovuna wenyewe. Baada ya wiki mbili Eliud alileta jibu kwa mdomo: yalikwisha changanywa na ya wengine ghalani.

* * *

Fidia ilitolewa mwisho wa Agosti kwenye ofisi ya kata. Kornelio hakuwa na sababu ya kwenda, ila Eliud alimpigia simu asubuhi: lori limekuja bila wapakuaji, na yeye ana mgongo. Akaenda. Alipakua magunia sitini na sita, moja baada ya lingine, akayapandisha kwenye mikokoteni ya punda ya wenzake kumi na mmoja. Qamara alipopakiziwa yake sita hakumtazama usoni. Alifunga kamba, akarudia kuifunga, akasema, "Asante, ndugu yangu," akaswaga punda.

Kisha Eliud akapanda kwenye ngazi ya ofisi akasoma matokeo. Dokta alikuwa amewauliza wale watatu wa juu, kila mmoja nyumbani kwake, na kila mmoja alisema hakuweka kitu. Kwa hiyo utafiti umebaini: Daa ya chini, mbolea hii inaongeza mavuno mara mbili, watu waichukue. Daa ya juu, udongo wake hauihitaji, watu wasipoteze nguvu. Wanaoishi juu na waliokwisha kujiandikisha kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku wanaweza kujiondoa, orodha inafungwa kesho.

Watu walipiga makofi. Kornelio naye alipiga, mikono imejaa vumbi la magunia.

Nyumbani siku hiyo unga uliisha kabisa. Petronila alikung'uta mfuko mpaka ukawa mweupe nje na ndani. Akakaa kidogo, akajifunga kanga ya pili, akachukua debe tupu na kupita kwenye mwanya wa minyaa. Kwenda kuomba si kitu kigeni duniani, ila kwenda kuomba kwa mtu ambaye mumeo ametoka kumbebea gunia mgongoni asubuhi ile, hiyo miguu inakuwa mizito.

Cresensia, mke wa Qamara, alikuwa uani anaanika mbaazi. Aliona debe kabla ya kuona mtu.

"Saita, mama Aneth."

"Saita. Nimekuja, jirani. Nakopa debe moja. Nitarudisha Mungu akijalia."

Cresensia aliingia ndani, akakokota gunia moja mpaka mlangoni, gunia jipya lenye nembo ya mradi, mdomo bado umeshonwa. Alilikata uzi kwa kisu, akajaza debe mpaka likafanya kichuguu juu. Alipomaliza akalisukumia gunia zima na mahindi yaliyobaki miguuni mwa Petronila.

"Chukua lote."

"Wee! Cresensia, siwezi. Debe linatosha."

"Nimesema chukua, usinifanye nirudie." Alikuwa anaangalia mbaazi zake, anazisambaza kwa kiganja mahali ambapo zilikwisha sambaa. "Na sisi tuliweka. Wewe hukujua? Nilimwona mama mkwe wako na kikapu, nikajiuliza, nyumba hii tutakuwa sisi tu wa kuchekwa? Nikaweka samadi ya mbuzi. Kisha wale wa korongoni wakaona kwangu. Wote huku juu tuliweka, mama Aneth. Dokta alipokuja na miwani yake iliyovunjika akauliza, baba watoto akasema hatujaweka. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nina watoto sita."

Petronila alitaka kumtukana, akatafuta tusi, hakulipata. Alitaka kumkumbatia, hilo nalo hakuliweza. Mwishowe waliinua gunia pamoja, mmoja huku mmoja kule, wakalipitisha kwenye mwanya wa minyaa, na Cresensia akarudi kwake.

* * *

Jua lilikuwa bado halijazama Kornelio aliporudi. Debe lilikwisha kusagwa na ugali ulikuwa tayari, ugali mkubwa, wa kwanza baada ya siku nyingi, na mboga ya majani ya maboga. Brigita alikwisha kuanza kula. Kornelio aliliona gunia pembeni ya mlango, akaona nembo.

"Limetoka wapi?"

"Kwa Cresensia. Kwa Qamara."

"Wametoa tu?"

"Wametoa tu."

Alikaa polepole, mgongo ukimuuma, akanawa mikono. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile uso wake ulikuwa umelegea. "Unaona sasa," alisema. "Watu si wabaya. Nilikuwa na hasira nao leo, Mungu anisamehe. Nilikuwa nawabebea magunia nawaza mambo mabaya." Akamega tonge. "Na nikwambie kitu, mama Aneth. Nimewaza njia nzima. Tumekosa, sawa, tumekosa. Ila ningenyamaza, wale wote pale ofisini wangekuwa wanadanganywa na mimi. Sasa wamepata kitu safi. Kumi na moja safi. Hata Dokta alisema mwisho wa yote mtu lazima aamini mahali, basi mimi naamini hapo. Nimeshajitoa kwenye orodha ya mbolea. Nilikuwa wa kwanza kwenda dirishani, wenzangu wa huku juu wakanifuata. Ya nini, kama udongo wetu hauhitaji?"

Brigita aliacha kutafuna, akamtazama mkwe wake, aliyekwisha kumsimulia ya Cresensia. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwa Petronila. Orodha ilikuwa inafungwa kesho, ofisi inafunguliwa saa mbili, na kutoka hapo mpaka ofisini ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Aliyapiga mahesabu hayo upesi: jina lilikuwa bado linaweza kurudishwa. Kisha akautazama ule uso wa mumewe uliolegea, akamwongezea ugali.

"Kula kwanza, baba Aneth," alisema. "Ushibe kabisa. Halafu nitakwambia kitu."